Saiba hazikufa: kutoka taipu hadi iTax, barabara ya Embu na Meru

Leo naweka kando msimbo na hifadhidata, tuzungumze historia kidogo.

Wenzangu wa Nairobi ninaoandika nao programu wana swali wasilochoka kuniuliza: hivi huko kwenu Embu na Meru bado kuna saiba? Wanauliza kama mtu anayeuliza kama bado tunawasha moto kwa kupekecha vijiti. Jibu ni ndiyo, zipo, tena zina foleni. Ingia yoyote karibu na steji ya Embu, au panda hadi Makutano pale Meru, utakuta picha ile ile: kompyuta nne au sita, printa inayonguruma, karatasi ya bei iliyobandikwa mlangoni, na watu kwenye benchi wakisubiri zamu. Sasa waangalie vizuri hao wanaosubiri. Wengi wana simu janja mkononi, na kifurushi cha intaneti ndani yake. Kwa hiyo hawakuja kutafuta intaneti. Wamekuja kumwona mtu.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa muda, na ninaamini tuliipa saiba jina lisilo lake. Tulidhani ni duka la intaneti, basi intaneti ilipoingia kwenye simu tukaandaa matanga. Lakini kwenye miji kama hii yetu saiba ni mjukuu wa duka la zamani zaidi, duka la mtu anayejua kuandika kwa lugha ambayo serikali inaielewa. Mashine iliyo mbele yake ndiyo imekuwa ikibadilika.

Tuanze na taipu. Vijana wa leo hawajui kwamba Embu ulikuwa mji mkubwa kuliko ukubwa wake. Hadi serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, hapa ndipo palikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na mkoa huo ulitoka Makueni na Kitui huko kusini hadi Moyale mpakani na Ethiopia. Mtu wa Marsabit mwenye shauri la kumfikia Mkuu wa Mkoa, safari yake iliishia Embu. Meru nao ulikuwa na wilaya yake kubwa, na ofisi ya zamani ya DC ndilo jengo ambalo leo ni Makumbusho ya Meru. Palipo na ofisi pana barua, na palipo na barua pana mtu wa taipu barazani, na karatasi zake za kaboni, na kopi tatu za kila kitu.

Mtu yule hakuwa akiuza kasi ya vidole peke yake. Aliuza ujuzi wa njia. Alijua kwamba barua yako kwa DC haiendi moja kwa moja. Chini ya anwani lazima uandike kwamba inapitia kwa Chifu, kisha kwa DO, ndipo ifike. Ukiruka hatua moja inarudishwa, ukibahatika. (Ninyi wa mitandao mtacheka: hiyo ni pakiti ya data na ruta zake, miaka mingi kabla ya ruta ya kwanza kufika Embu.) Alijua maneno gani yanamkera karani na yapi yanamlainisha. Mkulima alikuja na shida yake kwa Kiembu, Kimeru au Kiswahili, akaondoka na barua ya Kiingereza ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuisoma, iliyobeba alama ya kidole gumba chake. Kumbukeni hilo la barua ambayo mwenyewe haisomi, tutakutana nalo tena mbele.

Jambo la pili la enzi hizo ni sanduku la posta. Familia nyingi za vijijini hazikuwa na sanduku. Zilitumia la shule ya msingi au la kanisa. Barua ya mwanao kutoka Mombasa iliandikwa jina lako, chini yake "kwa mkono wa" fulani mwanafunzi wa shule fulani, kisha namba ya sanduku la shule. Mwalimu aliyasoma majina asubuhi gwarideni, mtoto akabeba barua hadi nyumbani. Kijiji kizima, anwani moja. Ilifanya kazi vizuri kwa sababu shule haikuhama, na mwalimu mkuu mmoja akiondoka, ufunguo wa sanduku ulimwachia mwingine.

Simu zilikuwa mikononi mwa KPTC, shirika lililozaliwa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Mwaka 1999 likagawanywa: Posta huku, Telkom kule, na CCK ikawa msimamizi. Hapo katikati intaneti ilikuwa imeshaingia nchini, Nairobi, katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 1998 ukaja Jambonet, mlango mkuu wa shirika la simu wa kutokea nje ya nchi. Mlango huo ulikuwa mmoja kwa mujibu wa sheria. Kampuni zote za intaneti zilipaswa kupita hapo, na hali hiyo iliendelea hadi ukiritimba wa Telkom ulipokoma mwaka 2004.

Hapa naomba mnivumilie, maana hiki kisa nakipenda. Chukua saiba mbili za mwaka 2001, moja Embu na nyingine Meru, kila moja ikiwa na kampuni yake ya intaneti. Kutoka Embu hadi Meru ni kama kilomita 130, ukipita Runyenjes, Chuka na Nkubu, na kona zote zile za mabonde ya mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya. Dereva mzuri wa matatu anakufikisha asubuhi moja. Je, baruapepe ilipita wapi? Iliteremka Nairobi. Pale, kwa kuwa kampuni hizo mbili hazikuwa zimeunganishwa, ikapanda kwenye setilaiti, kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, ikashuka ng'ambo, mara nyingi Marekani, ikahama kampuni huko huko, kisha ikapanda tena na kushuka tena Nairobi ndipo ipande Meru. Jumlisha: kama kilomita 144,000 ili kufika mji wa jirani. Hata kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde kwa kila ujumbe wa kwenda tu, na ukurasa mmoja wa wavuti una kwenda na kurudi nyingi. Na Meru wenyewe, kama kejeli, umekaa karibu kabisa na mstari wa ikweta.

Wahandisi wa Nairobi waliona upuuzi huu. Novemba 2000 kampuni za intaneti zikaunganishana kwenye kituo kimoja, KIXP, ili data ya Kenya ibaki Kenya. Telkom ikalalamika kwamba inavunjiwa haki yake, na baada ya wiki kama mbili hivi CCK ikaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Zaidi ya mwaka mzima barua zetu ziliendelea kwenda Marekani kwa nguvu ya sheria. Bei ya saiba za mikoani iliposemwa kuwa ghali, wengi walimlaumu mwenye saiba. Masikini, alikuwa akilipia nauli ya angani.

Basi ndizo zilikuwa saiba za kwanza za barabara hii. Wengi wa waliozifungua walikuwa na duka la taipu na fotokopi tayari, wakaongeza kompyuta mbili na modemu. Mteja alikuja na baruapepe yake ameiandika nyumbani kwenye karatasi ya fulskapu, akaikopi haraka haraka huku saa ikihesabu dakika pembeni ya skrini. Baadaye bei ilishuka hadi shilingi moja kwa dakika. Mashine zenyewe zilikuwa na Windows 98, halafu XP, na wenye saiba wajanja waliweka programu ya Kikanada iitwayo Deep Freeze. Kazi yake ni rahisi na, kwa maoni yangu, ni ya hekima: ukizima na kuwasha, kompyuta inarudi ilivyokuwa. Virusi vimekwenda, faili ulizosahau zimekwenda, neno la siri uliloliacha limekwenda. Kila asubuhi kompyuta ya saiba ilizaliwa upya, haina kumbukumbu ya mtu yeyote.

Sasa, swali la chemshabongo: serikali gani ilikuwa ya kwanza kuwajaza wananchi wa Embu na Meru kwenye saiba ili wajaze fomu? Si ya Kenya. Ni ya Marekani. Hadi wakati huo bahati nasibu ya grinikadi ilichezwa kwa barua ya posta. Mwaka 2003 Marekani ikatangaza kwamba maombi yatapokelewa kwa mtandao tu, na picha iwe ya kidijitali. Nani kijijini alikuwa na skana? Nani alijua pikseli ni nini? (Miaka iliyofuata masharti yakawa picha ya mraba, pikseli 600 kwa 600, isiyozidi kilobaiti 240. Mwambie mkulima wa kahawa hivyo.) Kwa hiyo kila mwaka msimu ulipofika, shuka jeupe lilitundikwa ukutani, watu wakapigwa picha, na kijana wa saiba akajaza fomu kwa niaba yao. Na kwa kuwa fomu ilitaka baruapepe, na mteja hakuwa nayo, kijana akaweka ya kwake. Na kwa kuwa mwishoni fomu ilitoa namba ya uthibitisho, ambayo miaka ya baadaye ilihitajika ili kujua kama umeshinda, kijana akaiandika mahali. Wapi? Si kwenye kompyuta, maana Deep Freeze ingeifuta. Akaiandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu pale kaunta.

Mashine isiyokumbuka chochote, na pembeni yake daftari linalokumbuka kila kitu. Hapo ndipo saiba ya leo ilipozaliwa, na sidhani kuna aliyeiona ikizaliwa.

Kilichofuata mnakijua, nakipitia mbio. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zikatua Mombasa: TEAMS kutoka Fujairah, na SEACOM iliyoanza kazi Julai. Mkongo wa serikali, NOFBI, ukapanda bara. Mwaka 2011 hivi ikaja Huawei IDEOS, simu ya Android kwa takriban shilingi 8,000, na vijana wa chuo wakaihama saiba kwa Facebook ya kiganjani. Bodi ya TEHAMA ilitoa mikopo ya kufungua vituo vya kidijitali vijijini, vikaitwa Pasha, jina zuri sana, lakini wakati ulikuwa unayoyoma. Saiba nyingi zilifungwa. Nyingine zikageuka za kunakili muvi kwenye fleshi, nyingine za michezo ya PlayStation. Kama ungeniuliza mwaka 2012, ningekuandikia tanzia yake.

Halafu serikali yetu ikafanya kama Marekani. Novemba 2013 Huduma Centre ya kwanza ikafunguliwa Nairobi ndani ya jengo kuu la Posta, na nyingi zilizofuata zikawekwa kwenye majengo ya Posta pia. Embu na Meru tukapata zetu. Kati ya 2013 na 2015 KRA ikahamisha ritani kwenda iTax. eCitizen ikaja 2014. KUCCPS, iliyochukua nafasi ya JAB, ikataka wanafunzi wachague kozi mtandaoni. HELB mkopo mtandaoni. Walimu hati zao za malipo mtandaoni. Mwisho wa Juni 2023 Rais akatangaza huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, na mwezi uliofuata tovuti hiyo hiyo ikashambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, watu wakakaa kwenye benchi za saiba wakitazama duara likizunguka. Oktoba 2024 SHA ikaichukua nafasi ya NHIF, na benchi zikajaa wazee.

Angalieni kwamba hakuna tangazo hata moja kati ya hayo lililomtaja mtu wa saiba. Kila moja lilisema sasa mwananchi atajihudumia mwenyewe.

Hapa ndipo inanihusu mimi na ninyi mnaounda mifumo. Tazama iTax ilivyojengwa. Ritani ya mwenye kipato ilikuwa lahajedwali la Excel lenye makro ndani yake. Unalipakua, unaruhusu makro, unajaza, linajikagua, linatoa faili ya zipu, unaipandisha. Simu gani ya Tecno ingefanya hivyo? Mlango wa kuingilia una kihesabu kidogo cha kujumlisha au kutoa, kuhakikisha wewe ni binadamu. Shosho wa Runyenjes ni binadamu bila shaka yoyote, lakini anayejumlisha pale ni kijana wa saiba, kwa hiyo kilichothibitishwa ni ubinadamu wa kijana. Kisha mfumo unataka baruapepe. Kijana anamfungulia Gmail. Lakini Google haikubali namba moja ya simu kufungua akaunti nyingi zisizo na mwisho, kwa hiyo baada ya muda kijana anachoka na kutumia moja kwa watu wengi, au anatumia za jamaa zake. Neno la siri linaandikwa daftarini, kwa sababu shosho atarudi mwaka ujao kabla ya tarehe 30 Juni akiwa hana habari nalo. Na asiporudi, faini ni kuanzia shilingi 2,000, hata kama alichokuwa aripoti ni sifuri.

Sanduku la posta la shule limerudi! Kijiji kizima, anwani moja. Tofauti ni kwamba shule haikuhama na ufunguo ulirithiwa. Saiba inahama. Kodi ya nyumba ikipanda inafungwa, kijana anapata kazi Nairobi au anakwenda Ghuba, na daftari linaondoka naye au linafungia maandazi. Nimeketi kwenye benchi hizo na kuona mama mzima, mwenye shamba na hati yake, akiambiwa kwamba baruapepe ya PIN yake ni ya mtu ambaye hakuna aliye na namba yake tena. Alikuwa amekuja kwa jambo la dakika tano. Ilibidi aende ofisini na kitambulisho kuanza kuomba anwani ibadilishwe, siku nzima na nauli.

Na hapo sijataja wabaya. Wengi wa vijana hawa ni waaminifu kuliko tunavyostahili. Mwalimu mstaafu anamkabidhi kijana wa miaka 22 kitambulisho, PIN, neno la siri na simu yenyewe ili asome tarakimu zikiingia, anamwambia tu "mwanangu nifanyie ile kitu", na mara nyingi sana ile kitu inafanyika vizuri kwa shilingi mia moja au mia mbili. Uaminifu wa namna hii huwezi kuununua. Lakini pia huwezi kuukagua. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamwajibisha kila anayeshughulikia taarifa za watu, na kanuni za 2021 zikawasamehe wafanyabiashara wadogo wengi kujisajili, ila wajibu wenyewe wa kulinda taarifa haukusamehewa. Nenda ulieleze hilo daftari la kaunta.

Kinachoniudhi kama mwandishi wa programu ni kwamba suluhisho si gumu. iTax tayari inajua kitu kinaitwa wakala wa kodi. Makampuni huwapa wahasibu wao ruhusa ya kufaili bila kuwapa neno la siri. Mpeni mtu wa saiba kitu kama hicho kidogo: akaunti yake mwenyewe, kwa jina lake. Shosho anapata ujumbe kwenye kabambe yake, kwa Kiswahili, ukisema kijana fulani anataka kufaili ritani yake ya mwaka fulani, jibu 1 kukubali, 2 kukataa. Ruhusa inakufa kesho yake. Kila alichofanya kijana kinabaki kwenye rekodi. Baruapepe isiwe lazima kabisa. Mtu huyu amekuwa na M-Pesa tangu miaka hiyo ya baada ya 2007 na hajawahi kuhitaji baruapepe kupokea pesa. Tunaoandika mahitaji ya mifumo tunachora mtumiaji mmoja mbele ya skrini moja. Kwenye barabara hii watumiaji ni wawili, mmoja ameketi na mwingine amesimama nyuma ya kiti chake, na wamekuwa wawili tangu siku za taipu. Chifu na DO walijua hivyo. Ndiyo maana walikubali kidole gumba chini ya barua ya Kiingereza, lakini walitaka ipitie kwa mtu anayemjua mwenye kidole.

Kazi moja nimeianza, nayo ni kukusanya karatasi za bei za milangoni. Ukizipanga kwa miaka ni historia tosha. Za mwanzo zinasema taipu, fotokopi, laminesheni, intaneti. Kisha inaongezeka grinikadi. Kisha KUCCPS, HELB, KRA PIN, ritani za sifuri, cheti cha tabia njema, leseni, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, SHA. Neno "intaneti" lenyewe linashuka chini mwaka hadi mwaka, na kwenye karatasi niliyopiga picha Chuka majuzi halipo kabisa. Kama una picha ya mlango wa saiba yoyote kati ya Embu na Maua, hasa ya kabla ya 2005 na bei zikisomeka, nitumie. Funika majina na namba za simu kwanza.